Gari la umeme kwenye mizani

Kaa na watu wa Altezza, Mark X na Subaru nusu saa, kisha taja gari la umeme. Hoja zitakuja kwa mpangilio ule ule: halina mlio, halina gia, chaji ikiisha njiani umekwisha, likishika moto halizimiki. Upande wa pili atatokea mmoja aliyewahi kuliendesha, atawajibu kwamba hakuna Subaru ya mtaani itakayoliacha taa za makutano ya Morocco, Dar es Salaam, zikiwaka kijani, na kwamba yeye sheli anapita tu kujaza upepo. Kila upande una ukweli wake. Lakini sikiliza mabishano hayo hadi mwisho na utaona kuna namba haitajwi, nayo ndiyo inayoamua karibu kila kitu kingine: kilo.

Toyota IST, gari ambalo Dar es Salaam huwezi kuvuka barabara bila kuliona, lina takriban kilo 1,000. Altezza inakaribia 1,350. Nissan Leaf ya kwanza, iliyoingia sokoni mwishoni mwa 2010, ina kilo kama 1,500, na kwa umbo ni gari dogo la familia tu. Hyundai Ioniq 5 N, ambalo waandishi wengi wa magari wanalitaja kuwa la umeme lenye raha kuliko mengi, lina kilo 2,200. GMC Hummer ya umeme inapita 4,000, na betri yake peke yake ina zaidi ya kilo 1,300. Hiyo ni IST nzima na watu wanne ndani yake.

Sababu haina siri. Lita moja ya petroli imebeba nishati inayokaribia uniti tisa (kilowati-saa tisa), zile zile za LUKU, umeme wa kulipia kabla. Betri ya Leaf ya kwanza ilikuwa na uniti 24, na ilipimwa karibu kilo 300. Gawanya mwenyewe: chuma na kemikali za kilo 300 zimebeba nishati isiyofika lita tatu za petroli. Tangi la bodaboda linabeba zaidi ya hapo. Ajabu ni kwamba kwa hizo "lita tatu" gari lilikwenda kilomita 117 kwa kipimo cha Marekani. Mota ya umeme inageuza sehemu kubwa kabisa ya nishati yake kuwa mwendo, wakati injini ya petroli inatupa zaidi ya nusu kupitia rejeta na ekzosi, na kwenye foleni ya Ubungo inatupa yote maana inaunguruma gari limesimama. Mota haina ubadhirifu huo. Mwenye ubadhirifu wa uzito ni betri, na kila kilomita ya ziada unayoitaka kwa chaji moja inalipiwa kwa kilo. Kilo hizo nazo zinadai bodi ngumu zaidi, breki kubwa zaidi, springi nzito zaidi na tairi pana zaidi, ambavyo navyo vina uzito wake.

Anayetaka kuona jambo hili likitokea kwa kampuni moja aitazame Lotus. Waingereza hao walijenga jina lao kwa magari mepesi. Elise ilipotoka mwaka 1996 ilikuwa na kilo zisizofika 750. Tesla walipotaka kuanza, Roadster yao ya 2008 waliijenga kwa msingi uliotokana na Elise, na kufika hapo tayari gari lilikuwa na kilo 1,300, betri ikiwa imekula 450 kati ya hizo. Leo Lotus hao hao wanauza Eletre, gari la umeme la tani mbili na nusu. Linakimbia, tena sana. Lakini mtu aliyeipenda Lotus kwa sababu ya Elise ana haki ya kujisikia kama ameuziwa jina.

Tuingie kwenye kona, maana ndiko wapenzi wa magari wanakodai wana utaalamu. Hapa nitawapinga kwanza. Ile imani kwamba gari la umeme halishiki barabara inatoka kwa watu ambao hawajalikalia. Betri imelazwa chini ya sakafu, kwa hiyo kitovu cha uzito kiko chini kuliko kwenye gari lolote la petroli la ukubwa huo. Gari halilali kwenye kona. Ukitoka kwenye Harrier ya zamani ukaingia kwenye Leaf, kitu cha kwanza utakachogundua mzunguko wa kwanza ni jinsi linavyobaki wima. Usukani haupambani na uzito wa injini mbele, na mguu wa kulia unapata jibu papo hapo, bila kusubiri tabo ivute pumzi wala gia ishuke.

Wapenzi hao wanarudi kuwa na haki pale kona mbili zinapofuatana, moja kushoto na nyingine kulia. Kitovu cha uzito kikiwa chini kinazuia gari kulala. Hakipunguzi kilo zinazotakiwa kugeuzwa. Gari la tani mbili likishaelekea upande mmoja linataka kuendelea na upande huo, na kinacholizuia ni viganja vinne vya mpira vinavyogusa lami. Dereva mzoefu analisikia hilo kwenye usukani na kwenye kiti. Wahandisi wanaficha kwa springi ngumu na shokapu za kompyuta, na kwenye lami laini ya Ulaya wanafanikiwa kwa kiasi kikubwa. Springi ngumu hiyo hiyo ilete kwenye barabara yenye viraka na matuta, uone kama itachekelea.

Matuta yetu yanastahili aya yao. Gari la petroli likipiga chini kwenye tuta, unakwaruza ekzosi au sahani ya chini ya injini, unakwenda gereji, fundi anachomelea, unalipa, unaondoka. Gari la umeme likipiga chini, kilicho pale katikati ya matairi ni kasha la betri, kitu cha bei kubwa kuliko vyote kwenye gari. Lina kinga yake na halipasuki kwa mkwaruzo mmoja, lakini tuta lililojengwa na wanakijiji wenye hasira baada ya mtoto kugongwa halikupimwa kwa ajili ya gari refu lenye tumbo la chini. Kabla ya kuuliza linakwenda kilomita ngapi, mnunuzi wa hapa angeanza kwa kulala chini na tochi.

Kuna sehemu moja ambapo uzito huo unageuka rafiki. Ukishuka mlima Kitonga kwa gari la petroli, unategemea gia ndogo na akili, na harufu ya breki za malori inakusindikiza hadi chini. Gari la umeme linapoachiwa mteremko, mota inageuka kuwa jenereta, inalishika gari na kurudisha chaji kwenye betri. Breki zenyewe zinaguswa kidogo tu, na ndiyo sababu pedi zake zinadumu. Ila ujue hili: betri ikiwa imejaa kabisa haina mahali pa kuiweka chaji hiyo, na ule mshiko wa mota unapungua. Aliyelala pale juu ya mlima akajaza hadi asilimia 100 kisha akaanza kushuka asubuhi ana breki za kawaida kama wengine wote, na gari zito kuliko wengi wao.

Mashindano nayo yametoa funzo ambalo watu wa Naivasha wamelishuhudia kwa macho. Kuanzia msimu wa 2022 magari ya daraja la juu ya Mashindano ya Dunia ya Mbio za Magari (WRC) yaliwekewa mfumo mseto: betri ya uniti 3.9 na mota ya kilowati 100. Yalipita Safari Rally kwa misimu mitatu yakiwa na taa ndogo ya kijani ya kuwaambia waokoaji kwamba umeme mkubwa uko salama na gari linaweza kuguswa. Mwaka 2025 mfumo ukaondolewa. Uzito wa chini unaoruhusiwa ukashuka kwa kilo 80, kutoka 1,260 hadi 1,180, na Elfyn Evans akashinda Safari mwaka huo kwa Toyota isiyo na mota hiyo. Maadui wa umeme walishangilia kama vile hukumu imetolewa. Mimi nasoma kitu kingine: gharama ilikuwa kubwa, faida ilikuwa ndogo, na kwenye vumbi na mawe ya Kedong, moja ya njia za Safari, kilo 80 ni mzigo ambao hakuna dereva aliyeulilia ulipoondoka.

Usalama ndipo ninapokosana na pande zote mbili. Mashabiki wa umeme wanaleta nyota tano za Euro NCAP, taasisi ya Ulaya inayopima usalama wa magari, na ni kweli, magari mengi ya umeme yamezipata. Hakuna injini ya kusukumwa kifuani, na kubinuka ni kugumu. Nyota hizo zinampima zaidi aliye ndani. Sasa chukua magari mawili yanayokutana uso kwa uso, kila moja likiwa kwenye kilomita 60 kwa saa. Moja ni IST ya tani moja, jingine ni la tani mbili. Yakigandana, yote mawili yataendelea na mwelekeo wa lile zito kwa kilomita 20 kwa saa. Aliye ndani ya zito mwendo wake umebadilika kwa 40. Aliye ndani ya IST umebadilika kwa 80, kufumba na kufumbua. Huhitaji kuwa daktari kujua nani anapelekwa Muhimbili.

Januari 2023 Jennifer Homendy, mwenyekiti wa bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, alilisema hili hadharani na kutoa mfano wa Hummer hiyo hiyo, ambayo betri yake ina uzito unaokaribia wa Honda Civic nzima. Huko wana barabara ambazo aliyegongwa naye mara nyingi yuko ndani ya chuma. Kenya, mwaka baada ya mwaka, kundi linaloongoza kwa vifo vya barabarani ni watembea kwa miguu, na bodaboda na abiria wao hawako mbali. Kwao nyota tano zina maana ndogo.

Tuseme ukweli wote, hata hivyo. Mashangingi ya V8 yenye zaidi ya tani mbili na nusu yamekuwa yakitupita kwa kasi, taa zikiwaka mchana, kwa miaka mingi, na sijawahi kumsikia mpenzi wa magari akilalamikia uzito wake. Akiliona limeegeshwa atapiga picha. Kama kilo zinaua, zinaua zikiwa na dizeli pia. Kinachonitia wasiwasi kuhusu umeme ni kwamba unaupeleka uzito huo kwenye magari ya watu wa kawaida, tena ukiwa na mchapuko ambao zamani ulikuwa wa magari ya mashindano, tena bila mlio. Umoja wa Ulaya tangu Julai 2019 unataka aina mpya za magari ya umeme zitoe sauti zikiwa kwenye mwendo mdogo. Mama anayevuka Manzese akisikiliza injini, si kuangalia, anahitaji sauti hiyo kuliko mtu wa Paris.

Tena kuna tairi. Ubavuni mwa tairi, baada ya vipimo, kuna namba ndogo ambayo wauza tairi za mtumba hawaitazami: 88 maana yake tairi hilo linabeba kilo 560, 91 ni kilo 615, na kadhalika kwenda juu. Karibu nayo kuna tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pale kandokando ya barabara swali ni moja tu, rimu namba ngapi? Ukitoa tairi lililochoka la gari dogo ukalifunga kwenye gari la umeme, umelibebesha mzigo usio wake, na mota inalisugua kila taa ikiwaka kijani. Kwa joto letu, tairi hilo litapasuka siku moja, na litapasuka kwenye mwendo.

Kuhusu moto nitakuwa mfupi, maana umezungumzwa kupita kiasi. Magari ya umeme hayaungui mara nyingi kuliko ya petroli. Yakiungua ni shughuli: betri inajichochea yenyewe kwa ndani, maji mengi yanahitajika, na inaweza kuwaka upya baada ya kuzimwa. Wa pwani walitakiwa kuogopa zaidi maji ya chumvi. Baada ya kimbunga Ian kuipiga Florida mwaka 2022, magari ya umeme yaliyozamishwa na maji ya bahari yalianza kushika moto yakiwa yameegeshwa. Anayepeleka gari kuoga ufukweni azingatie.

Sasa mfuko. Mwaka 2022 lita ya petroli Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,000, serikali ikaingiza ruzuku ya bilioni 100 kuituliza. Nairobi lita ilivuka shilingi 200 za Kenya kwa mara ya kwanza Septemba 2023, ikasimama 211.64. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi wenye magari Tanzania wanasubiri tangazo la bei la EWURA, mamlaka ya nishati na maji, kama matokeo ya mtihani. Tufanye hesabu bila ushabiki. Mtu anatembea kilomita 40 kwa siku. IST kwenye foleni inakwenda kama kilomita 12 kwa lita. Kwa lita ya 2,900 atatumia karibu 9,700. Leaf inakwenda kama kilomita sita na nusu kwa uniti. Ukiweka na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, ni uniti kama saba. Uniti kwa mteja wa kawaida wa TANESCO ni 292, na ukijumlisha VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA inafika 356. Jumla haifiki 2,500. Kwa siku 25 za kazi ni akiba inayokaribia 180,000 kwa mwezi.

Kuna mtego ndani ya hesabu hiyo. Nyumba inayotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi inalipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Gari peke yake litakula 175. Ukilichomeka mwezi baada ya mwezi, nyumba nzima inatoka kwenye bei ya mnyonge. Friji, feni na pasi navyo vinaanza kulipiwa 292. Bado gari linashinda, lakini ushindi umepungua, na mwenye nyumba wa kupanga mnayechangia naye LUKU atakuwa na neno.

Halafu kuna betri inayozeeka. Leaf za mwanzo hazina mfumo wa maji wa kupoza betri, zinategemea hewa. Mwaka 2012 wamiliki wa Phoenix, jangwani Arizona, walianza kuona vipande vya uwezo kwenye dashibodi vikipungua, na Nissan ikaishia kutoa dhamana kwamba betri isishuke chini ya vipande tisa kati ya 12 ndani ya miaka mitano. Dar haina joto la Phoenix, ila pia haina majira ya baridi ya kuipumzisha. Kipande cha kwanza kikipotea, karibu asilimia 15 ya uwezo imekwenda. Kila kinachofuata ni kama asilimia sita. Gari la uniti 24 lenye vipande nane linaweza kukutoa Tegeta hadi Posta na kukurudisha, na kwa mtu wa namna hiyo ni gari zuri. Kwa anayekwenda Morogoro kila wiki ni adhabu. Muuzaji atakuonyesha kilomita kwenye odomita. Mwambie akae pembeni, hesabu vipande.

Na barabara nani atalipia? Mwaka 2017 Tanzania ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari, fedha hizo zikahamishiwa kwenye mafuta. Tangu siku hiyo, anayechaji nyumbani hachangii kitu kupitia mafuta. Kwa sasa ni wachache, hakuna anayejali. New Zealand walijali mapema: tangu Aprili 2024 mwenye gari la umeme analipa dola 76 zao kwa kila kilomita 1,000. Wapenzi wa petroli wanaposema kwamba umeme ni rahisi kwa sababu haujatozwa bado, wana hoja nzito kuliko ile ya mlio. Kama tozo itakuja, na itakuja, iandikwe kwa kilo na kilomita, shangingi la dizeli likiwa la kwanza kwenye mstari.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye duka la magari si kama gari ni la umeme. Ni lina kilo ngapi, na uniti ngapi unazihitaji kweli. Japani wameshajibu kwa namna yao. Mwaka 2022 Nissan ilitoa Sakura: gari dogo la umeme, betri ya uniti 20, kilomita 180 kwa kipimo cha kwao, na uzito wa kilo kama 1,070, karibu sawa na IST. Likawa Gari la Mwaka la Japani na likaongoza mauzo ya magari ya umeme nchini humo. Usukani uko kulia. Za kwanza zimeshaanza kuonekana kwenye minada ya Japani, na waagizaji wetu bado wanatafuta Ioniq na Model Y zenye skrini kubwa kwa sababu ndizo mteja anazopigia picha.